Koti Jeusi Baharini

Januari 1842 Charles Dickens na mkewe Catherine walipanda meli ya Britannia kule Liverpool, wakielekea Boston. Ilikuwa meli ya mbao ya kampuni ya Cunard, ikienda kwa mvuke na magurudumu mawili makubwa ubavuni, na abiria wake hawakuzidi sana mia moja. Dickens alipofunguliwa mlango wa chumba chake alipigwa na butwaa. Chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba masanduku yao yasingepita hata kwa kusukumwa. Ukumbi wa kulia ulikuwa mrefu na mwembamba, na juu ya sitaha alikuwepo ng'ombe wa maziwa. Bahari ilichafuka karibu njia nzima. Aliyeweza kufika mezani kwa miguu yake mwenyewe alikuwa amefanya kazi kubwa tayari, na hakuna aliyemuuliza amevaa nini. Dickens aliichukia safari hiyo hata wakati wa kurudi akachagua meli ya matanga.

Miaka 70 baadaye, kwenye bahari ileile, mama mmoja tajiri wa Philadelphia, Charlotte Cardeza, alisafiri na makasha 14 ya nguo na vito, masanduku madogo yakiwa mbali. Tunayajua makasha hayo kwa sababu yalizama, na baada ya kuokolewa alidai fidia ya dola 177,352 na senti 75, akiorodhesha nguo moja moja, glavu kwa glavu. Meli yake ilikuwa Titanic.

Kati ya chumba kile kisichoingia sanduku na makasha haya 14 kuna historia inayostahili kusimuliwa kwa ukamilifu, maana watu huiona kama habari ya mitindo tu. Mimi naiona kuwa habari ya nani alihesabiwa kuwa mtu ndani ya meli. Leo msafiri anayekata tiketi ya meli ya kitalii hukuta kwenye karatasi zake maneno kuhusu usiku rasmi, akaanza kuhangaika: suti au taksido, gauni refu au fupi. Hangaiko hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na halikuzaliwa baharini.

Lilizaliwa kwenye nyumba za mashambani za makabaila wa Uingereza. Katika nchi hiyo, mwanzoni mwa karne ya 19, George Brummell, yule aliyejulikana kama Beau Brummell, aliwavua wanaume hariri za rangi na nakshi za dhahabu, akawavisha koti la giza lililokatwa vizuri na shati jeupe lililofuliwa na kutiwa wanga. Mtindo huo ukashika. Kufikia katikati ya karne, bwana wa heshima hakuketi mbele ya chakula cha usiku bila koti jeusi lenye mikia miwili nyuma, kizibao cheupe kifuani, na tai nyeupe ya kipepeo. Alibadili nguo hata kama anakula na mkewe peke yao.

Kisha mwaka 1865 mwanamfalme Edward, ambaye baadaye alitawala kama Edward VII, alichoshwa na mikia hiyo. Alimwagiza fundi wake, Henry Poole wa mtaa wa Savile Row jijini London, amshonee koti fupi la jioni la rangi ya buluu, la kuvaa kwenye chakula cha faragha katika makazi yake ya Sandringham. Inasimuliwa kwamba mwaka 1886 Mmarekani James Brown Potter alialikwa Sandringham, akaenda kwa fundi huyohuyo kushonesha koti la namna hiyo, akarudi nalo kwenye klabu mpya ya matajiri iliyoitwa Tuxedo, nje ya jiji la New York. Ndiyo maana watu wengi leo wanasema taksido. Ni vizuri kukumbuka kwamba koti hilo lilikuwa nguo ya kupumzikia. Kulivaa mbele ya wageni wa kike wakati ule kulikuwa utovu wa adabu. Vazi tunaloliona leo kuwa kilele cha urasmi lilianza kama njia ya mwanamfalme kukimbia urasmi.

Ili nguo za nyumba kubwa zipande melini, meli zenyewe zilipaswa kubadilika kwanza. Mwaka 1871 Oceanic ya kampuni ya White Star ilianza safari, na mafundi wake wakafanya jambo lililoonekana dogo lakini likageuza kila kitu: walivitoa vyumba vya daraja la kwanza nyuma ya meli, penye mtikisiko na kelele, wakavileta katikati, penye utulivu zaidi. Ukumbi wa kulia ukachukua upana wote wa meli, na kila abiria akapata kiti chake badala ya benchi. Mwaka 1879 taa za umeme ziliwashwa kwenye City of Berlin, meli ya kampuni ya Inman. Hariri haina maana gizani, na gauni lenye mkia haliburutwi kwenye sakafu inayoruka. Kulipokuwa na sakafu tulivu, nafasi na mwanga, makabati ya nchi kavu yakahamia baharini.

Wajerumani wakaongeza jambo jingine. Albert Ballin, aliyekuwa akiongoza idara ya abiria ya kampuni ya HAPAG ya Hamburg, alikuwa na tatizo la kibiashara: meli yake nzuri, Augusta Victoria, ilikosa abiria majira ya baridi, kwa kuwa wachache walitaka kuvuka Atlantiki kwenye dhoruba. Tarehe 22 Januari 1891 akaipeleka Bahari ya Kati ikiwa na abiria 241 waliolipa ili watembezwe tu, kisha warudi walikotoka. Wengi walimwona hana akili. Lakini safari ilifana, na mwaka 1900 kampuni yake ikazindua Prinzessin Victoria Luise, iliyojengwa mahususi kwa matembezi. Mtu asiyekwenda kokote atafanya nini jioni? Atavaa, atakula, atacheza dansi, atatazamwa. Meli ikaacha kuwa chombo cha kufikisha, ikawa mahali penyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20, basi, desturi ilikuwa imekamilika. Nusu saa hivi kabla ya chakula baragumu lilipulizwa sitahani kuwaambia abiria wa daraja la kwanza wakabadili nguo. Kulikuwa na sheria ambazo hazikuandikwa popote ila kila mzoefu alizijua. Usiku wa kwanza hakuna anayevaa rasmi, maana makasha hayajafunguliwa. Usiku wa mwisho pia, maana yamekwisha kufungwa. Makasha yenyewe yalibandikwa karatasi za aina mbili: yanayohitajiwa safarini yaliletwa chumbani, yasiyohitajiwa yakashushwa tumboni mwa meli. Mafundi wa masanduku, Louis Vuitton wa Paris akiwa mmoja wao, walitengeneza makasha ya kusimama yenye sehemu ya kutundika nguo upande mmoja na droo upande wa pili, ili gauni lifike New York bila kunjo.

Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1912, kwenye mgahawa wa kifahari wa Titanic, familia ya Widener ilimfanyia Nahodha Edward Smith karamu ya chakula cha usiku. Wanaume walikuwa kwenye makoti yao meusi, wanawake kwenye hariri na lulu. Katika meli hiyohiyo alikuwemo Lucy Duff Gordon, mshonaji maarufu aliyewavalisha wanawake wa tabaka la juu London, Paris na New York. Saa chache baadaye meli iligonga siwa la barafu. Mhudumu mmoja aliyenusurika alisimulia jinsi alivyomvika tajiri Benjamin Guggenheim boya la kujiokolea na sweta nzito, na jinsi baadaye alivyomkuta amevua vyote viwili, yeye na mtumishi wake, wamerudia nguo zao za jioni. Walitaka kufa wakiwa waungwana. Wote wawili walikufa.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kwa kukisifu, nami sina neno dhidi ya ujasiri wa mtu aliye mbele ya mauti. Ila kila ninapokisoma, nawafikiria pia wale wa daraja la tatu, wahamiaji kutoka Ireland, Lebanoni, Uswidi na kwingineko, ambao hawakuwa na nguo ya kubadili. Katika wao ni takriban robo tu walionusurika. Wa daraja la kwanza walionusurika walikuwa zaidi ya nusu. Koti jeusi halikumwokoa Guggenheim, lakini mpaka ulioashiriwa nalo ulikuwa wa kweli: ngazi gani unaruhusiwa kupanda, sitaha gani unaruhusiwa kusimama, na boti ziko karibu na nani.

Kuhusu mpaka huo kuna mambo ambayo wageni wa desturi hawakuyajua. Mwaka 1922 Emily Post, Mmarekani aliyeandika kitabu mashuhuri cha adabu, aliwaonya wasafiri wa meli za fahari dhidi ya kuvaa magauni ya dansi kwenye chakula cha usiku. Kwa maoni yake, aliyejipamba kupita kiasi melini alikuwa anatangaza kwamba hana mahali pengine pa kuonyeshea mapambo yake. Watu wa ukoo, alisema, walivaa kwa kiasi. Kwa hiyo mtu angeweza kukosea kwa kuvaa pungufu, na angeweza kukosea vilevile kwa kuzidisha. Hapo ndipo penye ukatili wa sheria zisizoandikwa.

Atlantiki ilikuwa na baridi, na koti la sufu halikumsumbua mtu. Mambo yalikuwa mengine kabisa upande wetu wa Afrika Mashariki. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869. Mwaka 1872 kampuni ya British India ya William Mackinnon ilianza kupeleka barua kila mwezi kati ya Aden na Unguja. Mwaka 1890 Wajerumani wakaja na Deutsche Ost-Afrika Linie, meli zao zikitoka Hamburg kupitia Suez hadi Tanga, Dar es Salaam na kwingineko. Baadaye zikaja meli za Union-Castle, zenye rangi ya zambarau hafifu ubavuni, zilizolizunguka bara zima. Maofisa, wamisionari, walowezi na wake zao walifika pwani hii kwa njia hiyo, wakiwa na makasha ya nguo za jioni.

Port Said palikuwa mahali pa kubadilika. Abiria waliteremka, wakaenda kwenye duka la Simon Artz kununua kofia ngumu za jua na nguo nyepesi. Maofisa wa meli walivua sare za buluu, wakavaa nyeupe. Meli ilipotoka Suez na kuingia Bahari ya Shamu, hakukuwa tena na pa kukimbilia joto. Upepo wa nyuma ukiwa na mwendo sawa na meli, hewa ilisimama kabisa. Siku za zamani ukumbini kulitundikwa mapangaboi ya kitambaa yaliyovutwa kwa kamba na watumishi, baadaye zikaja feni za umeme. Na bado baragumu lililia, na bado wanaume wa daraja la kwanza waliingia vyumbani kuvaa shati lenye kifua kilichokaushwa kwa wanga, kola ngumu, kizibao na koti la sufu. Baada ya mchuzi wa kwanza kola ilikuwa imelegea kwa jasho. Maji matamu melini yalikuwa ya kuhesabu, hivyo wenye uwezo walibeba mashati mengi, na wasio na uwezo walivaa vifua vya bandia vyenye wanga juu ya fulana ya kawaida.

Taratibu joto likashinda pale ambapo hoja zilishindwa. Maofisa wa Kiingereza nchini India walikuwa wameiga kwa Wahindi mshipi mpana wa hariri unaozungushwa kiunoni, wakauvaa badala ya kizibao, kwa kuwa unafunika kiuno bila kuchemsha kifua. Kisha koti lenyewe likawa jeupe, la pamba au kitani. Na mwisho, katika Bahari ya Shamu na Ghuba, likavuliwa kabisa: shati jeupe, suruali nyeusi, mshipi wa hariri, basi. Waingereza wakalipa vazi hilo jina la bahari yenyewe. Mpaka leo, katika karamu za balozi kwenye nchi za Ghuba, mgeni anaweza kuandikiwa kwenye kadi avae hivyo, na akafika bila koti akiwa amevaa rasmi kamili.

Napenda sehemu hii ya historia kuliko zote, kwa sababu ndani yake Ulaya ilifundishwa kuvaa na wenyeji wa bahari ya joto. Na ni hapa pia ambapo nawaona waliofanya usiku huo uwezekane. Wahudumu wengi wa ukumbini kwenye meli za British India na P&O walikuwa Wagoa, mashuhuri kwa ustadi wao; kwenye injini na sitahani walikuwako mabaharia Wahindi na wengine wa bahari hii. Kila kola iliyonyooka mezani ilikuwa na mkono uliopiga pasi kwenye chumba chenye joto zaidi ya ukumbi.

Kulikuwa pia na abiria ambao baragumu halikuwahusu. Kwenye meli zilizokwenda baina ya Bombay na Afrika Mashariki, kama Karanja na Kampala za British India zilizoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1940, mamia ya watu walisafiri sitahani: wafanyabiashara wadogo, maharusi wanaofuata waume zao, mafundi, wazee wanaorudi kuona ndugu. Walitandika mikeka, wakafungua vyakula vyao, wakalala chini ya turubai. Wengi wa watu waliojenga maduka ya Mombasa, Unguja, Mwanza na Kampala walifika hivyo. Juu yao, sitaha moja au mbili, watu wachache walikuwa wakifunga tai za kipepeo.

Na pwani yenyewe ilikuwa na urasmi wake, mkongwe kuliko koti la Savile Row. Bwana wa Unguja aliyekwenda barazani kwa Sultani alivaa kanzu safi, juu yake joho lililotariziwa nyuzi za dhahabu au hariri, kilemba kilichofungwa kwa ustadi, na jambia kiunoni. Kila sehemu ilisema jambo: ukoo, cheo, shughuli ya siku hiyo. Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, alipokwenda London Juni 1953 kuhudhuria kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, hakuhitaji kuazima koti la mtu. Lakini katika ukumbi wa kulia wa meli za kikoloni kipimo cha adabu kilikuwa kimoja tu, na hakikushonwa huku.

Mwandishi Karen Blixen alikuja kwa mojawapo ya meli hizo. Alipanda meli ya Kijerumani ya Admiral kule Napoli Desemba 1913, akateremka Mombasa Januari 1914 na kuolewa papo hapo. Ndani ya meli alifanya urafiki na ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akienda kushika uongozi wa jeshi la Dar es Salaam, Paul von Lettow-Vorbeck. Miezi michache baadaye Ujerumani na Uingereza zilikuwa vitani, na vita hivyo viliua maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika ambao hawakuwahi kuona ndani ya ukumbi ule.

Baada ya vita hivyo mtoto mwingine wa mfalme, Edward, mjukuu wa yule wa Sandringham, alilegeza tena mambo. Ndiye aliyewazoesha watu koti la jioni la buluu iliyokoza sana, kwa kuwa chini ya taa za umeme nyeusi huonekana kama imefifia na buluu hiyo huonekana nyeusi kuliko nyeusi. Alipenda pia kola laini. Aliyekuwa akivaa hivyo ndiye pia aliyekuja kuwinda Kenya mwaka 1928. Kufikia miaka ya 1930 koti fupi lilikuwa limelishinda lile lenye mikia kwenye meli nyingi.

Miaka hiyo ndiyo iliyotuachia picha tunazozikumbuka. Normandie ya Wafaransa, iliyoanza safari Mei 1935, ilikuwa na ukumbi wa kulia wa daraja la kwanza wenye urefu wa mita 93, mrefu kuliko Ukumbi wa Vioo wa Versailles. Haukuwa na dirisha hata moja. Mwanga wote ulitoka kwenye vioo vya Lalique. Watu waliingia kwa kushuka ngazi, na ngazi hizo zilikusudiwa hilo: kila mwanamke aonekane na ukumbi mzima kabla hajafika mezani kwake. Washonaji wa Paris, Madeleine Vionnet akiwatangulia, walikuwa wamejifunza kukata hariri kwa mshazari hata ikashika mwili na kutiririka hadi sakafuni, na hakuna nguo iliyofaa ngazi kama hiyo. Mwaka uliofuata Waingereza wakajibu kwa Queen Mary, yenye ramani kubwa ya Atlantiki ukutani mwa ukumbi wake na kijimeli cha kioo kikisogea kuonyesha safari imefika wapi.

Miaka michache tu. Normandie iliungua bandarini New York Februari 1942 ikigeuzwa kuwa meli ya askari. Queen Mary ilipakwa rangi ya kijivu, na Julai 1943 ikavuka Atlantiki na watu 16,683, wengi wao wakilala kwa zamu.

Meli zilirudi baada ya vita, na urembo ukarudi nazo. Kwenye njia yetu British India ilileta Kenya mwaka 1951 na Uganda mwaka 1952, meli mbili nzuri zilizojengwa Glasgow kwa ajili ya safari ya London hadi Afrika Mashariki. Lakini tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti yenye abiria wa kulipa, na kituo chake kimoja kilikuwa Entebbe. Ilifika chini ya saa 24. Meli kutoka London hadi Mombasa ilichukua takriban wiki tatu. Mwaka 1958 jeti zilianza kuvuka Atlantiki pia, na hesabu ikawa imekwisha. Uganda iliondolewa kwenye njia hiyo, na mwaka 1968 ikaanza kazi mpya ya kuwatembeza wanafunzi. Mwaka 1982 ikawa meli ya hospitali kwenye vita vya Falklands. Union-Castle ilifunga safari zake za barua za kusini mwaka 1977.

Aliyeokoa usiku rasmi ni mrithi wa Ballin, yaani utalii. Mwaka 1972 Ted Arison alianzisha Carnival kule Miami kwa meli kuukuu aliyoiita Mardi Gras. Iliyofuata ni tamthilia ya televisheni ya Marekani, The Love Boat, iliyoonyeshwa tangu 1977, ikawaaminisha mamilioni ya watu wa kawaida kwamba nao wanaweza kuketi na nahodha wakiwa wamevaa vizuri. Madaraja yalikuwa yamefutwa karibu yote. Fundi bomba na mwalimu wa shule walikodi taksido, wakashuka ngazi na wake zao, mpiga picha akiwasubiri chini. Wako wanaolidharau jambo hili na kuliita maigizo. Mimi nalithamini kuliko karamu zote za 1912, kwa sababu sasa mlango ulikuwa wazi kwa kila aliyenunua tiketi.

Jambo la ajabu ni kwamba ndege iliyoziua meli za zamani ndiyo iliyoanza kuua na taksido. Msafiri wa kitalii hufika bandarini kwa ndege, na shirika la ndege linampimia kilo 23. Makasha 14 hayamo. Viatu vya kung'aa, koti la pili, gauni refu: kila kimoja kina uzito wake na bei yake. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ikatangaza utaratibu mpya wa kula saa utakayo, mahali utakapo, bila kulazimishwa vazi. Mwaka 2015 Celebrity ikafuta usiku rasmi na kuweka jioni za kupendeza zisizodai koti. Wengine wamebakiza jioni moja au mbili kwa wiki, tena kwa hiari.

Cunard, kampuni ile iliyomtesa Dickens, ndiyo iliyoshikilia zaidi. Meli yake ya QE2, iliyoanza safari 1969, ilivisha vizazi viwili vya wasafiri kabla haijauzwa Dubai. Tangu 2018 ni hoteli kwenye Bandari ya Rashid. Queen Mary 2, iliyoanza kazi Januari 2004, huvuka Atlantiki kwa usiku 7, na mbili au tatu kati ya hizo ni za karamu. Mwanaume anatakiwa koti la jioni na tai ya kipepeo, au suti ya rangi ya giza na tai. Mwanamke ana uhuru mpana zaidi: gauni refu, gauni fupi la heshima, au suruali na blauzi za kitambaa kizuri. Asiyetaka kubadili ana sehemu zake za kula na kukaa, na hakuna anayemnyooshea kidole.

Masharti hayo yanakubali pia mavazi rasmi ya kitaifa. Mskoti anakuja na kilti yake, mwanajeshi na sare yake, Mhindi na sherwani. Mtu wa pwani yetu anayepanda meli ya namna hii, iwe imepita Mombasa na Unguja au ameifuata Southampton, asikodi taksido ya mtu mwingine kwa kuona haya. Kanzu nyeupe ya kitambaa kizito isiyoonyesha mwili, koti jeusi au joho juu yake, kofia ya kushonwa kwa mkono na viatu vya ngozi vilivyosafishwa vinatosha kabisa. Mwanamke ana buibui la kitambaa chepesi lenye tarizi, ana dira la hariri, ana gauni la kitenge lililoshonwa na fundi anayejua kazi. Nguo zote hizo hukunjwa na kuenea kwenye sanduku la kilo 23, na kwenye Bahari ya Shamu hazimchemshi mvaaji.